Kipima oksijeni cha kidoleni, baada ya miezi 8 ya kumuuguza mama

Usiku wa tatu tangu mama atoke hospitali, saa nane na dakika kumi, kile kifaa kidogo kwenye kidole chake kilisoma 88. Nilikuwa nimekinunua juzi yake. Nilikijaribu kwangu mwenyewe mara mbili tatu, kikanipa 98, nikaridhika. Sasa 88. Nikakitoa, nikafuta kidole, nikakihamishia mkono wa pili, nikasubiri. 89. Mama alikuwa amelalia ubavu wa kulia, macho mazito, anapumua haraka kuliko jioni.

Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeuguza nyumbani na anajiuliza kama akinunue. Jibu langu ni ndiyo. Lakini karatasi ya maelekezo inayokuja nacho haikuambii hata nusu ya unayohitaji kujua, na mimi, pamoja na kufundisha biolojia sekondari kwa miaka 19, nilihitaji usiku ule ili nielewe nilichokuwa nachora ubaoni.

Kifaa chenyewe ni klipu ya plastiki isiyozidi sana ukubwa wa kiberiti, inayobana kidole. Kinatumia betri mbili ndogo, na boksi lake halina jina la kampuni ninayoifahamu. Ukikifungua mdomo utaona taa nyekundu upande mmoja na kijicho cheusi upande wa pili. Kuna taa nyingine usiyoiona, ya infraredi. Mawimbi ya mwanga mwekundu yana urefu wa nanometa 660 hivi, ya infraredi 940. Himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ikiwa haijaibeba hunyonya sana mwanga mwekundu, ndiyo maana damu ya vena, ile inayorudi moyoni kutoka mwilini, ina wekundu wa kiza. Iliyobeba oksijeni huupitisha mwekundu na kunyonya zaidi infraredi. Kijicho hulinganisha mwanga uliosalia baada ya kuvuka kidole, hesabu inafanyika ndani, na asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni inatokea kwenye skrini.

Swali ambalo wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka ni hili: kidole kina ngozi, mfupa, nyama na vena, na vyote vinanyonya mwanga, sasa kifaa kinajuaje kipi ni damu ya ateri, ile inayotoka moyoni? Kinafuata mapigo. Kila moyo unapopiga, damu ya ateri hujaa kidoleni kidogo, kisha hupungua. Vingine vyote vimetulia. Kifaa hukitupa kilichotulia na kusoma kinachodunda. Wazo hilo ni la mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyelitangaza mwaka 1974. Alikuwa anatafuta njia ya kupima damu inayosukumwa na moyo kwa kutumia rangi na mwanga sikioni, na mapigo yalikuwa yanamharibia vipimo. Katika kuhangaika kuyaondoa akatambua kwamba yale mapigo ndiyo yenye habari. Mimi namheshimu sana mtu huyu. Kabla yake, kujua oksijeni iliyo kwenye damu ya mgonjwa kwa uhakika kulihitaji sindano kwenye ateri, na anayechomwa hivyo anaumia.

Turudi kwa mama. Tulipotoka hospitali tulipewa namba ya simu ya wodi, na daktari alitupa mpaka: namba ikiwa chini ya 92 na isipande, pigeni. Nikapiga. Muuguzi wa zamu hakuuliza kwanza kuhusu dawa.

"Mgonjwa amelalia upande gani?"

"Kulia."

"Na nimonia iko pafu lipi?"

"La kulia, sehemu ya chini."

"Basi mgeuzeni alalie kushoto, muinulieni kichwa na mabega. Baada ya dakika 10 pimeni tena. Isipofika 92 msingoje kukuche, mleteni."

Tukamgeuza, mimi na mdogo wangu. Dakika ya kwanza 88 bado. Kisha 90. Kisha 91, ikarudi 90, ikapanda. Dakika ya tisa ilisoma 93. Mama akafumbua macho akasema, "Hapa pana nafuu, mwanangu." Asubuhi tulimrudisha akapigwa picha ya kifua na kubadilishiwa dawa, kwa sababu kumgeuza mtu hakuponyi nimonia. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu, kwa namba, jambo ambalo vitabu hulipa kurasa nyingi.

Jambo lenyewe ni hili. Mapafu yana kazi ya kukutanisha vitu viwili, hewa na damu. Mtu mzima aliyetulia huingiza lita 4 hivi za hewa kwa dakika kwenye vifuko vya hewa, na moyo hupitisha lita 5 hivi za damu kwenye mapafu katika dakika hiyo hiyo. Vifuko ni mamia ya mamilioni, na utando unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu ya damu hupita kwenye kapilari ya pafu kwa robo tatu ya sekunde tu, na katika pafu zima robo ya kwanza inatosha kuijaza oksijeni. Kwa hiyo mtu atasema: hewa ipo, damu ipo, tatizo nini? Tatizo ni kwamba lita 4 zikienda kona moja na lita 5 zikienda kona nyingine, jumla ni ile ile na mtu anakufa. Kila kifuko kinahitaji hewa na damu yake mwenyewe, kwa kiasi kinacholingana.

Hata kwenye pafu lenye afya ulinganifu huo si kamili. Damu ya mapafu husukumwa kwa shinikizo dogo, kama milimita 15 za zebaki kwa wastani, ilhali ateri za mwili mzima zina 90 na zaidi. Shinikizo dogo namna hiyo halishindani na uzito wa damu yenyewe, kwa hiyo damu huteremkia sehemu iliyo chini. Ukisimama, sehemu ya chini ya pafu hupata hewa nyingi kuliko ya juu, lakini damu inazidi hata hiyo hewa. Watafiti wa London, John West akiwa miongoni mwao, walipima hilo katika miaka ya 1960 kwa kutumia gesi zenye mnururisho: kileleni hewa ni zaidi ya mara 3 ya damu, na chini kabisa hewa ni kama 0.6 ya damu. Mtu mzima wa afya hatambui tofauti hiyo.

Ukilala ubavu, "chini" inahama. Pafu unalolalia ndilo linalopata damu nyingi. Mama alikuwa amelalia pafu ambalo sehemu yake imejaa majimaji na usaha, hewa haiingii, na uzito wa damu unaielekeza huko huko. Damu ile ilipita kwenye vifuko vilivyofungwa ikatoka jinsi ilivyoingia. Tulipomgeuza, damu iliteremkia pafu la kushoto, lililokuwa wazi.

Ninataka kukaa kidogo kwenye swali ambalo mdogo wangu aliniuliza saa tisa ile, kwa sababu ni swali zuri na nadhani wengi wanalo: kama pafu moja ni zima na mama anapumua kwa nguvu hivyo, kwa nini lile zima lisifidie? Nilichukua bahasha ya dawa nikamwandikia hesabu nyuma yake. Damu inayorudi kutoka mwilini ina himoglobini iliyojaa kwa asilimia 75 hivi. Tuchukulie theluthi moja ya damu inapita kwenye vifuko vilivyoziba na kutoka na 75 ile ile, na theluthi mbili zinapita kwenye vifuko vizuri na kutoka na 98. Zikichanganyika unapata 90. Sasa mwambie apumue kwa nguvu maradufu. Theluthi mbili zile zitatoka 98 ziende wapi? 99 labda. Himoglobini ina nafasi nne za oksijeni kwa kila molekuli na nafasi zikijaa zimejaa. Vifuko vizuri havina pa kuweka oksijeni ya ziada, isipokuwa ile kidogo sana inayoyeyuka kwenye maji ya damu: katika mililita 20 hivi za oksijeni zinazobebwa na kila mililita 100 za damu, iliyoyeyuka ni mililita 0.3 tu. Ndiyo maana mama alikuwa anahangaika na kupumua bila kupata faida. Hewa ilienda kwa wingi mahali ambapo haikuwa na kazi zaidi.

Mwili una ulinzi wake dhidi ya hili, na kwangu ni moja ya mambo mazuri zaidi katika somo zima. Mwaka 1946, huko Sweden, watafiti von Euler na Liljestrand waliwapa paka hewa yenye oksijeni kidogo, wakaona shinikizo katika ateri ya mapafu linapanda. Mishipa midogo ya mapafu ilikuwa inajibana. Kila mahali pengine mwilini oksijeni ikipungua mishipa hutanuka ili damu ije kwa wingi. Kwenye mapafu hujibana, ili damu ikimbie kifuko kisicho na hewa na iende kwenye chenye hewa. Kifuko kimoja kinaziba, mlango wake wa damu nao unafungwa nusu. Hakuna ubongo unaoamrisha, mshipa wenyewe unahisi. Lakini unafungwa nusu, si wote, na wakati wa maambukizi uvimbe huweza kuudhoofisha ulinzi huu. Kwa mama haukutosha, ikabidi tuusaidie kwa mikono yetu na mito miwili.

Hadi hapa nakisifu kifaa, na sifa hizo ni za kweli: bila hiyo 88 nisingepiga simu, ningemwacha alale.

Sasa kisichoonekana kwenye skrini. Hiki ndicho kilichonifanya niandike.

Kipima oksijeni hakioni hewa ukaa hata kidogo. Hewa ukaa ina usafiri wake: asilimia 70 hivi hubadilishwa kuwa baikabonati, kazi inayofanywa kwa kasi kubwa na kimeng'enya kilicho ndani ya chembe nyekundu, sehemu nyingine hushikamana na himoglobini, na kidogo huyeyuka tu. Tena oksijeni na hewa ukaa hupishana kwenye himoglobini ile ile. Kwenye misuli inayofanya kazi, hewa ukaa na asidi huifanya himoglobini iachie oksijeni kirahisi, jambo alilolieleza Christian Bohr na wenzake mwaka 1904. Kwenye mapafu mambo hugeuka: oksijeni ikipanda, hewa ukaa inasukumwa ishuke. Yote haya yanaendelea ndani ya kidole ulichokibana, na skrini inakupa upande mmoja tu wa safari.

Baba mdogo ana ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi unaotokana na sigara. Aliacha, lakini mapafu hayarudi yalivyokuwa. Ana mtungi wa oksijeni nyumbani na daktari wake aliandika kwa herufi kubwa: 88 hadi 92, isizidi. Vijana wake walipoona kifaa changu kwa mama wakanunua cha aina hiyo hiyo. Kinasoma 90. Wao wanaona kwangu 98, kwa mama ameshapona 96, kwa baba yao 90, wakaumia moyoni, wakaongeza oksijeni hadi namba ikawa 98. Wakafurahi. Jioni baba mdogo akawa anasinzia katikati ya sentensi, mkono unatetemeka, anasema kichwa kinauma. Namba bado 98, nzuri kabisa. Walipomfikisha hospitali hewa ukaa ilikuwa imejaa kwenye damu.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilirudi kwenye vitabu vyangu nikatafuta maelezo, nikakuta paka wa mwaka 1946 wananisubiri. Mapafu ya baba mdogo yana sehemu nyingi mbovu, na kwa miaka mishipa ya sehemu hizo imekuwa ikijibana, ikipeleka damu kwenye vifuko vinavyofanya kazi. Oksijeni nyingi ilipoingia, mishipa ile ililegea, damu ikarudi kwenye sehemu zisizotoa hewa ukaa. Juu ya hapo, himoglobini iliyojazwa oksijeni ilibwaga hewa ukaa kwenye damu ambayo haikuwa na pa kuipeleka. Watu wengi husema kwamba mgonjwa wa namna hii "anasahau kupumua" akipewa oksijeni, na hilo lina nafasi yake, lakini ni sehemu ndogo ya habari. Kubwa ni kwamba mpangilio wa hewa na damu ambao mwili uliujenga kwa taabu ulivurugwa na watoto wanaompenda baba yao, wakiongozwa na namba. Kwa hiyo nasema waziwazi: kama mgonjwa wako ana ugonjwa sugu wa mapafu, muulize daktari namba yake yeye, na usiifukuzie namba ya mtu mwingine. Karatasi ya kwenye boksi ilisema tu kwamba kawaida ni 95 na zaidi. Nyota moja nimeipunguza hapo.

Mambo mengine niyapitie haraka. Asilimia inakuambia himoglobini iliyopo imejaa kiasi gani, haikuambii ipo ya kutosha. Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 hivi za oksijeni. Mwenye gramu 15 kwa kila mililita 100 za damu anabeba mililita 20; mwenye upungufu wa damu, gramu 6, anabeba 8, na kifaa kinawasomea wote 98. Kama mtu amechoka mpaka hapandi ngazi na namba ni nzuri, apimwe damu. Vilevile aliyevuta moshi wa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: kaboni monoksaidi hukalia nafasi za oksijeni na kifaa huihesabu kana kwamba ni oksijeni. Hapo namba nzuri ni ya uongo kabisa, mtoe nje na umpeleke hospitali.

Vidole baridi ni kero ya kila siku. Mama akiwa amenawa, kifaa kinatafuta mapigo, kinatoa vistari, mara kinatoa 85 isiyo ya kweli. Nimejifunza kuangalia kwanza mstari wa mawimbi chini ya skrini: ukipanda na kushuka kwa mpangilio, na mapigo kinayosoma yakilingana na ninayoyahesabu kwenye kifundo cha mkono, ndipo naiamini namba. Mkono utulie, rangi ya kucha itolewe, usubiri angalau nusu dakika. Kifaa hujizima sekunde chache baada ya kukitoa na hakiweki kumbukumbu, kwa hiyo daftari ni lazima.

Na lipo suala la ngozi, ambalo sitalipita haraka. Mwishoni mwa 2020, watafiti wa Marekani walilinganisha namba za vipima oksijeni na vipimo vya damu ya ateri. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea 92 hadi 96, wale ambao oksijeni yao halisi ilikuwa chini ya 88 walikuwa karibu asilimia 12 kwa wagonjwa weusi, na karibu asilimia 4 kwa wazungu. Kwa maneno mengine, kwenye ngozi nyeusi kifaa huelekea kusoma juu kuliko ukweli, na kumficha mgonjwa aliye hatarini. Mama ni mweusi, mimi ni mweusi, na wengi mtakaosoma hapa ni weusi. Kifaa kinachotumia mwanga kilipaswa kujaribiwa kwa uzito uleule kwenye ngozi zetu kabla ya kuuzwa kwetu, na inanichoma moyo kwamba karatasi ile haikutaja neno moja. Nilimwambia daktari wa mama. Akasema hiyo ndiyo sababu alitupa mpaka wa 92 na si chini yake, na kwamba mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, tumlete hata kama skrini inasema 95.

Kwa hiyo nyota 3 kati ya 5. Nyota mbili zilizokosekana ni za karatasi na za ngozi. Zile tatu ni za usiku ule.

Sasa hivi kifaa kinakaa darasani kwangu siku za wiki. Najibana mwenyewe mbele ya wanafunzi, nabana pumzi, na wao wanaita namba. 98. 98. 98. Wanachoka kungoja. Naachia, navuta pumzi, nacheka, na hapo hapo ndipo namba inaanza kushuka, 96, 94, mimi nikiwa tayari napumua vizuri, kwa sababu damu iliyotoka kwenye mapafu yasiyo na hewa mpya ilikuwa bado njiani kuelekea kidoleni, na kifaa nacho hukusanya wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kusema. Nawaambia waandike hilo kwenye daftari kabla ya mchoro wowote: skrini inaonyesha mapafu yalivyokuwa muda mfupi uliopita.

Ijumaa nakirudisha kwa mama. Ndani ya mfuniko wa boksi, mahali ilipokuwa karatasi yao, nimebandika yangu ya mkono: jina lake na mpaka wa 92, namba ya simu ya wodi, "angalia mawimbi kwanza", na chini kabisa, kwa mwandiko wa mama mwenyewe, kwa sababu aliomba aliandike yeye: "Nilaze kushoto."